Bingwa anapopanda uzito kumfuata mshambuliaji: mizani inasema nini na inaficha nini

Kila bingwa anapotangaza kwamba anapanda uzito kwenda kupigana na bondia anayesifika kwa kushambulia bila kupumzika, mabishano huwa yale yale. Mmoja anasema kilo tatu si kitu, bingwa ni bingwa. Mwingine anasema huyo kajipeleka machinjioni. Wote wawili wanatazama mizani, na mizani ndiyo inayosema machache kuliko karibu kila kitu kingine kinachoamua pambano la namna hii.

Tuanze na maana ya maneno. Ngumi za kulipwa zina madaraja 17 ya uzito yanayotambuliwa na vyama vyote vinne vikubwa vya dunia, yaani WBA, WBC, IBF na WBO. Daraja la chini kabisa lina kikomo cha pauni 105, ambazo ni kilo 47.6. La juu kabisa halina kikomo. Pauni moja ni gramu 454, karibu nusu kilo. Jambo linalosahaulika ni kwamba kikomo hiki ni cha juu tu: bondia wa uzito wa welta hatakiwi kuzidi pauni 147 (kilo 66.7), lakini akija na 144 hakuna anayemzuia. Kwa hiyo "kupanda uzito" hakumlazimishi mtu kuongeza hata gramu moja. Kunamruhusu tu kuwa mzito zaidi, na kunamkutanisha na watu ambao tayari ni wazito zaidi.

Mkanda nao haupandi pamoja naye. Ubingwa ni wa daraja, si wa mtu. Bingwa wa pauni 140 akienda 147 anaingia kama mpinzani mwingine yeyote, na chama chake humtaka baada ya muda achague abaki na mkanda gani. Ikitakiwa mikanda ya madaraja mawili igombewe usiku mmoja, lazima wote wawili wapime kwa kikomo cha daraja la chini. Ndivyo ilivyokuwa Novemba 7, 1988, Sugar Ray Leonard alipopigana na Donny Lalonde: Lalonde alikuwa bingwa wa WBC wa pauni 175, lakini kwa kuwa mkanda wa 168 nao uliwekwa mezani, ilibidi bingwa mwenyewe ashuke hadi 168. Leonard aliangushwa raundi ya 4, akainuka, akashinda raundi ya 9 na kuondoka na mikanda yote miwili.

Ngazi zenyewe hazilingani. Kutoka 105 kwenda 108 ni ongezeko la asilimia 2.9. Kutoka 140 kwenda 147 ni asilimia 5. Kutoka 175 kwenda 200 ni zaidi ya asilimia 14, na hapo daraja moja ni sawa na madaraja manne au matano ya wepesi. Kwa hiyo ukisikia bondia "amepanda madaraja mawili", uliza kwanza ni yapi.

Uzito wa mizani na uzito wa ulingoni

Hapa ndipo mkanganyiko mkubwa ulipo. Upimaji hufanyika siku moja kabla ya pambano. Bondia wa kawaida hufika kwenye mizani akiwa amejikausha: wiki ya mwisho amepunguza chumvi na wanga, siku mbili za mwisho amekata maji, na saa za mwisho amekaa kwenye joto akitoa jasho. Akishashuka kwenye mizani anaanza kurudisha. Kila kilo iliyotoka kwa jasho inahitaji karibu lita moja na nusu ya maji yenye chumvi, yanywewe kidogo kidogo kwa saa nyingi. Anayeyamimina kwa pupa huishia kuyatapika, au kuyakojoa tu kabla mwili haujayatumia. Kesho yake usiku bondia huyo anaweza kuwa mzito kwa kilo 5 au zaidi kuliko alivyoonekana kwenye picha za upimaji.

Anayepanda daraja mara nyingi hana cha kurudisha, kwa sababu hakujikausha. Pambano la Manny Pacquiao na Antonio Margarito, Novemba 13, 2010, linalionyesha hilo vizuri kuliko maelezo yoyote. Mkanda uliokuwa ukigombewa ulikuwa wa pauni 154, lakini mkataba uliweka uzito wa makubaliano wa pauni 150. Margarito alipima 150 kamili. Pacquiao, aliyeanzia ngumi za kulipwa kwenye madaraja mepesi kabisa, alipima 144.6. Ukiishia hapo unaona tofauti ya pauni 5 na kitu. Usiku wa pambano Pacquiao alikuwa na pauni 148. Margarito alikuwa na 165. Tofauti ikawa pauni 17, karibu kilo 8, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Ndiyo maana kambi ya anayepanda hupigania mambo mawili kwenye mkataba. La kwanza ni uzito wa makubaliano, yaani kikomo kilicho chini ya kile cha daraja. La pili ni sharti la kupima tena asubuhi ya pambano. IBF kwenye mapambano yake ya ubingwa imetumia kwa miaka mingi kanuni ya namna hiyo: asubuhi ile bondia asizidi kikomo kwa zaidi ya pauni 10. WBC yenyewe hupima mapema: siku 30 kabla, bondia asizidi kikomo kwa zaidi ya asilimia 10, na siku 7 kabla asizidi asilimia 5. Kwa daraja la pauni 154 hiyo ni kama pauni 169 kisha 162. Lengo ni kumzuia mtu kujikausha kwa fujo, na ni lengo jema, kwani madaktari wa michezo wamekuwa na wasiwasi kwa muda mrefu kwamba ubongo ulioingia ulingoni bado umepungukiwa maji unaumia kirahisi zaidi unapopigwa.

Anachopata

Kuna faida ya kweli, na wanaomwona anayepanda kama mtu aliyekwishapotea huisahau. Bondia ambaye kwa miaka minane alikuwa akizikamua kilo tatu za mwisho kwa jasho huzipata zote bure. Miguu yake ina nguvu raundi ya 10. Misuli hutunza wanga pamoja na maji, gramu moja ya wanga kwa takriban gramu tatu za maji, kwa hiyo aliyelazimika kuvitoa vyote viwili huingia na tangi nusu. Anayepanda huingia na tangi limejaa. Wapo mabondia walioonekana wamechoka na kuzeeka kwenye daraja la chini, kumbe tatizo lilikuwa mizani.

Misuli mipya ni jambo jingine. Katika kambi ya wiki 10, mwanamichezo ambaye tayari amejengeka akipata kilo 2 za misuli halisi amefanya kazi kubwa. Akitoka na kilo 6, nyingi ni maji na mafuta, na atazibeba kwa dakika 36. Kilo zinazosaidia ni za mapaja, makalio, mgongo na shingo. Shingo hasa, kwa sababu kinachomwangusha mtu ni kichwa kuzunguka ghafla, na shingo ndiyo breki yake. Kifua na mikono minene hupendeza kwenye picha za upimaji, lakini mikono ikiwa mizito hushuka mapema, na kidevu hubaki wazi.

Glovu nazo hubadilika kwenye mpaka mmoja. Hadi pauni 147 kawaida ni glovu za wakia 8 (gramu 227). Kuanzia 154 ni za wakia 10 (gramu 283). Gramu 56 kwa mkono ni kidogo ukizishika dukani. Rusha ngumi 600 nazo, na mabega yatakuambia. Aliyezoea kumaliza watu kwa glovu ndogo hukuta sifongo imeongezeka kati ya vifundo vya mkono wake na kidevu cha mtu ambaye shingo yake nayo imeongezeka.

Kwa nini mshambuliaji ndiye mtihani

Tutofautishe aina mbili za washambuliaji, maana mashabiki huwachanganya. Yupo anayekimbilia: anakuja moja kwa moja, kichwa mbele, ngumi nyingi. Na yupo anayekata ulingo: haharakishi, hakufuati unakoenda, anapiga hatua ya pembeni kuziba njia kabla hujaifikia. Wa kwanza anatisha zaidi kumtazama. Wa pili ni hatari zaidi. Anayekimbilia unaweza kumpisha akapita kama ng'ombe dume. Anayekata ulingo hakuachii mlango.

Bondia fundi huishi kwa nafasi na muda. Anapiga, anatoka, anavuta pumzi sekunde mbili, anasoma, anarudi. Mshambuliaji humnyang'anya zile sekunde mbili. Kitu pekee kinachomfanya mshambuliaji asite ni kuogopa kitakachomkuta njiani. Kwenye daraja la zamani, ngumi ya bingwa ilitosha kumtia mtu adabu: ukila mkono wa kulia mara mbili, mara ya tatu unafikiri kabla ya kuingia. Swali zima la kupanda uzito limekaa hapo. Je, ngumi ile ile bado inamfanya mtu mkubwa zaidi afikiri? Ikiwa haimfanyi afikiri, ufundi wote uliobaki unafanywa kwa kukimbia, na hakuna anayekimbia raundi 12.

Tazama Alexis Argüello na Aaron Pryor, Miami, Novemba 12, 1982. Argüello alikuwa ameshakuwa bingwa wa 126, 130 na 135, mrefu, mtulivu, mwenye mkono wa kulia uliolaza watu wengi. Alipanda 140 kutafuta ubingwa wa daraja la nne. Pryor alikuwa moto usiozimika. Argüello alipiga ngumi nyingi safi usiku ule, na raundi ya 13 aliutua mkono wa kulia ambao kwenye madaraja yake ya zamani ungemaliza kazi. Kichwa cha Pryor kilirushwa nyuma, na Pryor akaendelea kusogea mbele. Raundi ya 14 Argüello alikwama kwenye kamba, mvua ya ngumi ikamshukia, mwamuzi akaingilia. Pambano hilo lina mjadala wake usiokwisha kuhusu kilichokuwemo kwenye chupa aliyopewa Pryor kabla ya raundi ya 14, lakini ngumi ya raundi ya 13 ilitua kabla ya chupa hiyo. Mtu anayeona silaha yake bora haikufanya kitu huchoka ghafla kuliko aliyepigwa.

Michael Spinks anaonyesha upande wa pili wa jambo hili. Septemba 21, 1985 alipanda kutoka pauni 175, akapima 200, akamshinda Larry Holmes kwa pointi na kuwa bingwa wa kwanza wa 175 kutwaa ubingwa wa uzito wa juu. Holmes, aliyekuwa mzito zaidi kwa pauni 20 hivi, alipigana kwa kupima umbali, kwa hiyo Spinks alipata nafasi za kuingia na kutoka kwa mtindo wake usiotabirika. Juni 27, 1988 Spinks akakutana na Mike Tyson. Safari hii alikuwa mzito kuliko alivyokuwa kwa Holmes, na pengo la uzito lilikuwa dogo zaidi. Alidumu sekunde 91. Mizani ilikuwa imemboreshea mambo. Mpinzani ndiye aliyebadilika.

Na Thomas Hearns dhidi ya Marvin Hagler, Aprili 15, 1985: walipima karibu sawa kabisa, chini kidogo ya pauni 160, na Hearns, aliyekuwa amepanda kutoka 154, alikuwa mrefu zaidi kwa takriban sentimita 8. Hagler akaamua kumkalia kooni tangu kengele ya kwanza. Hearns alimpiga kwa nguvu zake zote raundi ile ya kwanza hadi akavunjika mkono wa kulia, na Hagler hakurudi nyuma. Raundi ya 3 kazi ikaisha.

Inavyofanywa ikafaulu

Ulingo wenyewe unajadiliwa kabla ya pambano, na ni kosa kuudharau. Ulingo wa futi 20 kwa upande una eneo la futi za mraba 400. Wa futi 18 una 324, karibu moja ya tano pungufu. Kutoka katikati hadi kwenye kamba ni mita 3 kwa ule mkubwa na 2.7 kwa mdogo. Kwa anayerudi nyuma hiyo ni hatua moja, na hatua moja ndiyo inayotenganisha kutoka na kunaswa. Leonard alipopanda hadi 160 kumkabili Hagler, Aprili 6, 1987, upande wake ulipata ulingo wa futi 20 na raundi 12 badala ya 15. Alishinda kwa pointi, majaji wakiwa wamegawanyika. Mabishano ya nani alistahili yanaendelea hadi leo, ila hakuna anayebisha kwamba raundi tatu zaidi zingemfaa Hagler.

Ndani ya ulingo, kosa la kwanza la anayepanda ni kurudi nyuma kwa mstari ulionyooka. Mshambuliaji anayekuja mbele ana kasi kuliko mtu anayerudi kinyumenyume. Hesabu hiyo haina ujanja. Dawa ni kupiga kisha kuzunguka juu ya mguu wa mbele kwa robo duara, ili mshambuliaji akifika akute hewa na ubavu wake mwenyewe ukiwa wazi. Kosa la pili ni jebu, yaani ngumi iliyonyooka ya mkono wa mbele, ikiwa ya kugusa tu. Jebu ya kuhesabia pointi inamfaa mtu anayeiheshimu. Kwa mshambuliaji jebu inatakiwa iwe na bega na mguu nyuma yake, ikilenga kifua au uso wakati anakanyaga kuingia, maana mtu aliyenyanyua mguu mmoja anasimamishwa hata na ngumi ya wastani. Halafu ngumi za mwili tangu raundi ya kwanza. Hazionyeshi kitu mapema. Malipo yake hukatwa kwenye pumzi ya mpinzani raundi ya 8.

Kukumbatia ni somo lenyewe, na wengi hulikosea. Anayekumbatia kiuno ameacha mikono ya mpinzani huru kumpiga mbavu. Inavyotakiwa ni kuibana mikono juu kidogo ya viwiko, kuweka paji la uso kwenye bega lake, kisha kumgeuza ili yeye ndiye awe na kamba mgongoni mwamuzi anapowaachanisha. Tatizo ni kwamba kwa mtu mzito zaidi, kila kukumbatiana ni kubebana. Mkubwa anayejua kazi yake hulegeza mwili wote juu ya shingo ya mdogo, na kila sekunde tano za hivyo hutoka kwenye miguu ya raundi za mwisho. Kwa hiyo anayepanda akumbatie kwa kuvunja shambulio, asikumbatie kwa kupumzika. Hapo hakuna mapumziko.

Pacquiao alifanya karibu yote haya kwa Margarito: aliingia kwa ngumi nne au tano mfululizo, akatokea pembeni kabla jibu halijaja. Kadi za majaji zilisoma 120-108, 119-109 na 118-110, na Margarito alitoka na mfupa wa jicho la kulia uliovunjika. Hata hivyo raundi ya 6 ngumi moja ya mwilini ilimuumiza Pacquiao vibaya, na kwa muda mfupi pauni 17 zilionekana wazi. Hata siku unapofanya kila kitu sawasawa, bei ya kosa moja imepanda.

Oleksandr Usyk naye alichukua njia ya subira. Baada ya kumaliza mikanda yote ya pauni 200, hakumrukia bingwa wa uzito wa juu. Oktoba 31, 2020 alikutana na Derek Chisora, mshambuliaji wa kumbana mtu kwenye kamba, aliyekuwa na pauni 255 kwa 217 zake. Raundi za mwanzo Chisora alimsukuma atakavyo. Usyk alikubali kuzipoteza baadhi, akawa anamlipisha kila anapoingia, na kuanzia katikati Chisora akaanza kuingia kwa kusitasita. Chini ya mwaka mmoja baadaye Usyk alimshinda Anthony Joshua.

Linganisha na Kell Brook, bingwa wa 147 aliyeruka moja kwa moja hadi 160, ongezeko la karibu asilimia 9, kumkabili Gennady Golovkin, London, Septemba 10, 2016. Brook alimpiga Golovkin ngumi nzuri sana, hasa raundi ya 2, na watu wakaanza kuamini. Golovkin alizipokea, akaendelea kukata ulingo. Raundi ya 5 kona ya Brook ilirusha taulo, ishara ya kuomba pambano lisimamishwe. Mfupa unaozunguka jicho lake la kulia ulikuwa umevunjika. Wapo waliolizomea taulo lile. Lilikuwa uamuzi sahihi kabisa. Mei mwaka uliofuata, akiwa amerudi 147, mfupa wa jicho la pili nao ulivunjika mbele ya Errol Spence.

Na kurudi chini je? Mwili uliojengwa kwa ajili ya juu haushuki kwa hiari. Mafuta yanaondoka, lakini misuli mipya huondolewa kwa njaa, na njaa haichagui, inakula hata miguu. Machi 1, 2003 Roy Jones alipima pauni 193 akamshinda John Ruiz aliyekuwa na 226, akawa bingwa wa uzito wa juu. Novemba mwaka huo huo alikuwa tena 175, akahangaika kumshinda Antonio Tarver kwa pointi. Mei 15, 2004 Tarver alimlaza raundi ya 2. Jones alikuwa na miaka 35 wakati huo, kwa hiyo si haki kuutupia uzito lawama zote. Lakini pauni 18 alizozitoa kwa miezi minane zilikuwa na nafasi yao katika usiku ule.